Feni ya rejeta haiwaki? Anza kucheki hapa

Kama geji ya temperecha inapanda ukiwa kwenye foleni alafu ukichanganya mwendo inashuka, feni ndo ya kushuku kwanza. Zima gari iache ipoe, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yale yanaruka na yanaunguza vibaya sana jamani.

Cheki maji kwanza, maana yakipungua sensa inakaa kwenye hewa, haisomi joto vizuri na feni haiwaki hata injini ikichemsha. Alafu washa gari uwashe na AC, kwa gari nyingi feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Ikizunguka mota ni nzima, shida itafute kwenye sensa au waya zake. Isipozunguka fungua boksi la fyuzi, chomoa ya feni uiangalie kwenye mwanga, kale kawaya ka ndani kakiwa kamekatika weka nyingine ya ampia zile zile, usizidishe kabisa. Rilei, yaani kale kaswichi ka umeme kanakowasha feni, nayo ijaribu kwa kubadilishana na ya honi kama zinafanana.

Bado? Chomoa soketi ya feni uangalie pini, zikiwa nyeusi au plastiki imeyeyuka umeme unapotelea hapo. Kama mota ni ya waya mbili ipe volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri, kwa waya yenye fyuzi, ikikaa kimya imekufa, badilisha. Na vidole viwe mbali na mapanga muda wote, feni inaweza kuwaka yenyewe hata gari ikiwa imezimwa.