Somo: Kutafuta hitilafu za geji na taa za dashibodi kwenye Fuso ya zamani

Somo hili linahusu malori ya zamani yanayotumia mfumo wa volti 24, na gari ninalolichukua kuwa mfano ni Mitsubishi Fuso Fighter ya miaka ya 1990, kwa kuwa ndilo ambalo wengi wetu tunaliendesha, tunalimiliki au tunalitengeneza. Sitataja rangi za nyaya za gari hata mara moja, kwa sababu gari la umri huo limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na waya uliokuwa wa njano kiwandani leo unaweza kuwa umeungwa kwa kipande chekundu cha kebo ya spika. Badala ya rangi tutafuata vipimo.

Nianze na tukio lililonifundisha mpangilio ninaoufuata hadi leo. Dereva mmoja aliniletea Fuso iliyokuwa ikimsimamisha mlima Kitonga kila usiku, kwa kuwa mshale wa joto ulikuwa ukipanda hadi karibu na alama nyekundu, ilhali mchana, akiwa na mzigo uleule, mshale ulikaa katikati kwa utulivu. Gereji moja ilikuwa imeshamtoza fedha za kubadilisha mfuniko wa rediata, pampu ya maji na thamostati, na tatizo likabaki palepale. Nilimwomba awashe injini asubuhi, tukasubiri mshale ufike robo, kisha nikamwambia awashe taa kubwa. Mshale uliruka ukapita katikati papo hapo. Alipozima taa, ukarudi robo. Maji ya injini hayawezi kuchemka na kupoa kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo tulijua kuwa ugonjwa haukuwa kwenye injini. Nyuma ya dashibodi nilikuta kichwa cha waya wa eathi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, kimefungwa juu ya rangi mpya ya bluu, kwa kuwa kebini ilikuwa imepigwa rangi upya na aliyeirudisha dashibodi hakukwangua sehemu ya boliti. Nilikwangua eneo la ukubwa wa sarafu, nikaifunga boliti, na safari za Kitonga zikaendelea.

Hatua ya kwanza ni kutazama kabla ya kufungua kitu chochote. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha andika kwenye karatasi ni geji zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Baada ya hapo washa taa ndogo, taa kubwa, indiketa na breki, kimoja baada ya kingine, huku ukiitazama mishale. Geji moja ikikosea peke yake, kosa liko kwenye njia yake: sensa yake, waya wake au geji yenyewe. Geji mbili au zaidi zikikosea pamoja, au mshale ukicheza kila unapowasha taa, kosa liko kwenye kitu ambacho vyote vinashirikiana, yaani eathi ya dashibodi au umeme unaoiingia. Ukiipuuza hatua hii utanunua vifaa ambavyo gari halikuhitaji.

Hatua ya pili ni betri na fyuzi. Betri mbili zilizojaa na kupumzika zinatakiwa kusoma kati ya volti 25.2 na 25.6 kwa pamoja, na injini ikiwaka kipimo kipande hadi takriban volti 27.5 hadi 28.8. Kila fyuzi ipimwe kwa taa ya kupimia pande zote mbili ikiwa mahali pake, badala ya kuitazama kwa macho tu, kwa sababu fyuzi nyingine huonekana nzima ilhali miguu yake imeshika kutu na haipitishi umeme.

Hatua ya tatu ni eathi, na hapa ndipo ninaposhauri mtumie muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za DC, waya wake mweusi kwenye kichwa hasi cha betri, na waya wake mwekundu kwenye terminali ya eathi nyuma ya dashibodi, huku swichi ya funguo na taa zote zikiwa zimewashwa. Taa zikiwa zimezimwa kipimo hiki hakina maana, kwa kuwa eathi mbovu hujificha mpaka ipewe kazi. Eathi nzima husoma chini ya volti 0.2. Ukiona zaidi ya nusu volti, umempata mhalifu wako. Kinachotokea ni kwamba umeme unaotoka kwenye globu za dashibodi hukosa njia yake ya kurudi kwenye betri, hivyo hutafuta njia nyingine kupitia ndani ya geji hadi kwenye sensa iliyofungwa kwenye injini, ambayo eathi yake ni nzuri. Ndiyo maana mshale wa joto husogea ingawa joto halijabadilika.

Ili kuthibitisha bila kubomoa, chukua waya mnene, uuunge kutoka kwenye terminali hiyo moja kwa moja hadi kichwa hasi cha betri, kisha utazame mishale. Ikitulia, safisha eathi ya asili: fungua boliti, piga msasa chuma hadi king'ae, piga msasa kichwa cha waya pande zote mbili, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu baada ya kufunga ili unyevu usiingie. Kagua pia mkanda wa eathi kati ya injini na chasi, na ule kati ya kebini na chasi, kwa sababu kebini imekaa juu ya raba na haiwezi kutegemea chuma pekee.

Kabla ya kuivuta dashibodi, fungua kichwa hasi cha betri. Kama gari lako linatumia kebo ya spidimita, ingiza mkono nyuma, bonyeza kishikizo cha plastiki na uitoe kebo kwanza, maana nimeona dashibodi nyingi zilizopasuliwa kwa kuvutwa kebo ikiwa bado imeshika.

Hatua ya nne ni umeme unaoingia. Terminali inayotoka kwenye fyuzi ya geji inatakiwa kuwa na volti zinazokaribiana kabisa na za betri. Katika malori ya zamani zaidi, ambayo mishale yake hupanda polepole kama inayovutwa na uzi, kuna kidhibiti kidogo cha volti kinacholisha geji ya mafuta na ya joto kwa pamoja. Geji hizo mbili zikisoma juu kwa wakati mmoja, kidhibiti hicho ndicho cha kushukiwa baada ya eathi.

Hatua ya tano ni geji moja moja. Kwa geji ya joto, chomoa waya wa sensa iliyopo kwenye injini: mshale unatakiwa kushuka kabisa upande wa baridi. Kisha upeleke waya huo kwenye eathi kupitia taa ndogo ya kupimia ya volti 24, wala usiuguse moja kwa moja kwenye chuma, kwa kuwa geji nyingine huungua. Mshale unatakiwa kupanda. Mshale ukipanda, geji na waya ni wazima na sensa ndiyo mbovu. Usizungushie tepu ya mabomba kwenye nyuzi za sensa yenye terminali moja, kwa sababu sensa hiyo hupata eathi yake kupitia nyuzi hizo hizo.

Taa ya oili nayo hutegemea swichi rahisi iliyoko kwenye injini, ambayo huipa eathi wakati hakuna presha na kuikata presha inapopanda. Ukichomoa waya wake taa izimike. Ukiugusisha kwenye chuma iwake. Hata hivyo, nawasihi sana: taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inanguruma, zima injini kwanza, na presha ipimwe kwa geji ya mkono kabla ya mtu yeyote kusema kwamba ni umeme tu.

Hatua ya sita ni taa za dashibodi. Taa zinazoangaza geji usiku hulishwa pamoja na taa ndogo za nje katika magari mengi ya Kijapani, hivyo zikizimika zote, nenda nyuma ya gari uangalie kama taa ndogo na taa ya namba zinawaka. Zote zikiwa zimezimika, tafuta fyuzi. Fyuzi ikiungua tena na tena, usiweke kubwa zaidi wala kuifunga kwa waya wa shaba, maana hapo nyaya ndizo zitakazoungua. Toa globu zote za njia hiyo, weka globu ya volti 24 na wati 21 mahali pa fyuzi, kisha washa swichi. Globu hiyo ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Tembea na nyaya kuelekea nyuma, ukichomoa soketi moja baada ya nyingine na kutikisa kila mahali nyaya zinapopita kwenye kona ya chasi, hadi globu izimike. Mahali ilipozimika ndipo waya ulipochubuka. Iwapo baadhi tu ya taa za geji haziwaki, zungusha vishikizo vyake robo mzunguko, vitoe, na usafishe njia za shaba za karatasi ya saketi iliyo nyuma ya dashibodi kwa kifutio cha penseli, kwa kuwa msasa huimaliza shaba hiyo nyembamba.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mbeya: Shikamoo mwalimu. Nimenunua floti ya tangi (kifaa kinachopima kiasi cha mafuta) iliyotumika, nikaifunga kwenye lori langu la Kijapani. Sasa nikijaza tangi, mshale unashuka, na mafuta yakiisha unapanda. Je, nimegeuza nyaya?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hujageuza nyaya, umefunga floti isiyoelewana na geji yako. Floti nyingi za Kijapani zina ukinzani mdogo tangi likijaa na mkubwa tangi likiwa tupu, ilhali floti za mtindo wa VDO, kampuni ya geji ya Ujerumani, zinazotumika katika malori mengi ya Ulaya huwa na takriban omu 10 tangi likiwa tupu na omu 180 likijaa. Iweke floti mezani, iunganishe na multimita, na uinue mkono wake polepole. Ukinzani ukiongezeka unapoinua, hiyo si ya gari lako. Fanya hivyo hivyo dukani kabla ya kulipa, na hakikisha namba hazirukiruki njiani.

Swali kutoka Nakuru: Mwalimu, nilibadilisha globu zote za dashibodi nikaweka za LED. Tangu siku hiyo alteneta haichaji mpaka nipige resi kwanza. Fundi anasema alteneta imekufa.

Jibu: Usiifungue alteneta kwanza. Katika alteneta nyingi za zamani, globu ya taa ya chaji ndiyo njia inayopitisha umeme mdogo wa kuiamsha alteneta injini inapowaka. LED hupitisha umeme mdogo mno, hivyo alteneta hubaki imelala hadi izunguke kwa kasi. Rudisha globu ya kawaida ya volti 24 kwenye nafasi hiyo moja, yenye wati zilezile ilizokuwa nazo, na nyingine uziache kama zilivyo. Washa injini, subiri bila kupiga resi, kisha upime betri. Ukiona volti zinapanda kuelekea 28, tatizo limekwisha. Zikibaki chini ya 26, hapo ndipo alteneta ichunguzwe.

Swali kutoka Dodoma: Nikikanyaga breki taa ndogo zikiwa zimewashwa, taa za dashibodi hupepesuka na taa za nyuma za kulia hufifia. Nimeshabadilisha swichi ya breki mara mbili.

Jibu: Swichi ya breki haina kosa, ndugu yangu. Taa ya nyuma ya kulia imekosa eathi, na umeme wa breki na wa taa ndogo unakosa njia nzuri ya kurudi, hivyo unatafuta njia nyingine kupitia globu nyingine. Funga waya mmoja kutoka kwenye terminali ya eathi ya taa hiyo hadi chasi iliyosafishwa, mwombe mtu akanyage breki, na utazame. Ukiona taa inawaka kikamilifu, tengeneza eathi hiyo kwa boliti na kichwa cha waya kilichobanwa vizuri. Nyaya za kusokotana kwa vidole hazitavumilia mtikisiko wa barabara. Upande wa kushoto nao uusafishe siku hiyo hiyo, kwa sababu boliti yake ina umri uleule.