Kabla hujaenda 1-54 kutafuta sanaa ya nyuzi

Kila Oktoba, Somerset House kando ya mto Thames jijini London huwa mwenyeji wa 1-54, soko la sanaa ya kisasa ya Afrika lililoanzishwa mwaka 2013 na Touria El Glaoui wa Morocco. Jina lake ni hesabu: bara 1, nchi 54. Anayekwenda kuangalia michoro ya rangi hana haja ya kujiandaa sana, maana kuta zimejaa. Anayetafuta uzi, kitambaa, ukili na magome ya mti, hana budi kuanza kazi nyumbani. Vyumba ni vidogo, watu ni wengi, na kitambaa kilichotundikwa nyuma ya mlango unaweza kukipita mara tatu bila kukiona.

Anza na orodha ya galari, yaani nyumba zinazowakilisha wasanii na kuuza kazi zao. Hutangazwa mapema kwenye tovuti ya maonyesho. Majina ya galari peke yake hayatakuambia kitu; fungua ukurasa wa kila moja uone wasanii wake, kisha waandikie uulize wanakuja na nini. Galari nyingi huandaa faili lenye picha, vipimo, na mara nyingine bei, nao humtumia anayeomba. Wengi wetu tunaona haya, tukidhani faili hilo ni la matajiri. Omba tu, kwa barua ya mistari mitatu. Na kwa kuwa wiki hiyohiyo Frieze, soko jingine kubwa la sanaa, huwa kwenye bustani ya Regent's Park, kumbuka kwamba msanii unayemtafuta anaweza kuwa huko, akiwakilishwa na galari kubwa zaidi. Ukijua hilo mapema unapanga siku mbili, badala ya kukimbizana na treni.

Sasa macho. Hapa ndipo ninapoomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu kazi ya nyuzi haifahamiki kwa kutazamwa kama picha. Jikumbushe maneno yetu wenyewe: kufuma kuna mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kupita kati yake), kusuka ukili ni jambo jingine, kudarizi ni jingine, kuunga vipande kwa sindano ni jingine kabisa. Ukisimama mbele ya kazi, jiulize kwanza mkono umefanya nini. Abdoulaye Konaté wa Mali, aliyezaliwa mwaka 1953, hushona vipande vyembamba vya pamba iliyotiwa rangi, vikapandana safu kwa safu kama manyoya ya ndege. Kwa mbali ni rangi inayobadilika taratibu. Ukisogea unaona kila kipande kina ncha yake na kivuli chake. Billie Zangewa, mzaliwa wa Malawi anayeishi Johannesburg, hukata hariri na kuishona kwa mkono, na kingo za kazi zake mara nyingi huachwa zimekatika, kana kwamba sehemu ya chumba alichokionyesha imeng'olewa. Picha ya simu haitakuonyesha hariri inavyobadilika ukihama hatua moja kushoto.

Soma pia kuhusu Uganda kabla ya kwenda. Nguo ya magome ya Waganda, yaani watu wa Buganda, iliyo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu mwaka 2008, hutokana na gome la ndani la mti wa mutuba. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka, na shina hufungwa majani ya mgomba ili lipone. Sanaa Gateja hushonea juu ya nguo hiyo shanga za karatasi iliyokwisha kutumika, maelfu kwa maelfu. Acaye Kerunen, mmoja wa wasanii wawili waliokuwa kwenye banda la kwanza la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, mwaka 2022, hufanya kazi na nyuzi za migomba, rafia na mikeka, pamoja na wanawake wasusi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu wa galari lisiwe bei. Uliza nani alisuka. Uliza kama wasusi wanatajwa, na wanalipwaje. Mimi naliona swali hilo kuwa la haki, na galari inayojua kazi yake hulijibu bila kusitasita.

Usiamini moja kwa moja kibandiko cha maelezo kilicho kando ya kazi. Kinaposema tu "vifaa mchanganyiko", ndani yake panaweza kuwa na uzi, nywele au mkonge. Kinaposema chuma, usiondoke upesi: Naomi Wanjiku Gakunga wa Kenya hufanya kazi na mabati na waya, na asili ya kazi hiyo ni ususi wa kiondo, kikapu cha kusukwa. Na wewe uliyekua ukisoma pindo, mji na jina la kanga unalo jicho ambalo wageni wengine hawana. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amefanya kazi kwa umbo la kanga, maneno yakiwemo.

Vitu vya kubeba ni vichache: viatu vya kutembea, begi dogo lisilogusa ukuta, daftari. Siku za katikati ya wiki zina nafasi zaidi kuliko Jumamosi. Usiguse, lakini omba kuonyeshwa mgongo wa kazi. Ni ombi la kawaida, na mgongoni ndipo penye mafundo, viraka na namna kazi inavyoning'inizwa, kwa ubao au kwa utepe wa kunata.

Kama una nia ya kununua, pima ukuta wako kwanza, na uangalie jua linaingilia wapi. Makumbusho huweka vitambaa kwenye mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa mwanga hufifisha rangi na rangi hiyo hairudi. Uliza rangi ni ya mimea au ya kiwandani. Kazi isafirishwe imeviringishwa kwenye bomba pana, isikunjwe, maana mkunjo hukata nyuzi. Ikiwa ni sufu au hariri na una wasiwasi na nondo, muulize mhifadhi, fundi wa kutunza kazi za sanaa, kuhusu kuigandisha: ikifungwa vizuri kwenye plastiki, baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili huua wadudu na mayai yao. Kazi yenye shanga au gundi usiiingize kwenye friza kabla mhifadhi hajaiona.