Somo: Kutembelea Kang'o ka Jaramogi, na kutunza nyumba ya mzee ushago isianguke

Wadau habari zenu. Tangu ile safari yetu ya Kang'o ka Jaramogi, boma la Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, kaunti ya Siaya, mmekuwa mkiniuliza tulienda vipi, na wengine mnauliza vile tunaweza kuokoa nyumba za wazee wetu huku nyumbani, so nimeweka yote pamoja kwa sababu kwangu ni jambo moja.

Viongozi wetu wengi huwa na nyumba ya mjini ya kazi na ingine ya ushago ya Desemba na matanga, na hiyo ya ushago ndiyo inaonyesha mtu alitoka wapi. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, 1964 mpaka akajiuzulu 1966, lakini ukikanyaga boma lake ndio unakumbuka kabla ya hiyo siasa yote alikuwa mwalimu Maseno, halafu 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili watu wa huku waweke pesa pamoja. Alifariki tarehe 20 Januari 1994 na amelala hapo kwake, kaburi na makumbusho viko ndani ya boma. Mwanawe Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu, naye alizikwa hapo hapo tarehe 19 Oktoba 2025.

HATUA YA 1: Safari. Kutoka Kisumu panda matatu ya Bondo, ni kama kilomita 60. Mkifika Kisian mnaachana na barabara ya Busia mnaingia kushoto, mnapita Holo, Akala, Ndori mpaka Bondo. Hapo chukua boda umwambie Kang'o ka Jaramogi. Usiseme Nyamira tu, hiyo sehemu inaitwa Nyamira ni kweli, lakini ukiuliza Nyamira ukiwa steji ya Kisumu unaweza kuwekwa gari ya upande wa Kisii.

HATUA YA 2: Adabu. Hapa ni kwa watu, si paki. Pitia geti kubwa, salimia, jieleze, andika jina kwa kitabu, na uliza kabla ya kupiga picha hasa kwa makaburi maana kuna watu wanakuja kulia. Kama ni kikundi kikubwa au shule, piga simu mapema.

HATUA YA 3: Angalia vizuri. Angalia boma lenyewe limekaa vipi, nyumba ya mke mkubwa iko wapi ukilinganisha na geti, simba (nyumba ndogo za vijana wa kiume) ziko upande gani. Hiyo mpangilio ni historia kama vile karatasi.

HATUA YA 4: Sasa ya kwenu. Hapa ndio nataka mkae kidogo. Kabla hujagusa kitu piga picha kila chumba, kila ukuta, hata msumari unaoning'iniza koti. Halafu anza na paa, si rangi! Maji ndiyo yanaua nyumba, kwa hivyo mabati yaliyotoboka, gata zilizoziba, udongo uliopanda juu ya msingi, hivyo vyote kwanza. Mchwa nao tafuta vile vijia vyao vya udongo ukutani na usiache mbao iguse ardhi. Na tafadhali kama ukuta ni wa udongo usipige plasta ya simenti. Sisi kwa babu tulipiga, ikapendeza mwaka mmoja, kumbe unyevu umefungiwa ndani, mvua ya masika ikaja plasta ikatoka vipande na udongo wa zamani ikatoka nayo, na ule ukuta babu alijenga na mikono yake. Bado inaniuma. Rudishia udongo kwa udongo.

Karatasi za zamani usipeleke saiba (duka la kompyuta) zikalaminetiwe, yaani kufungwa kwa plastiki, ule moto na gundi haitoki tena. Skani, halafu weka kwa bahasha mahali pakavu pasipo na jua. Picha ikishikana na glasi usiibandue, ipigie picha ikiwa hapo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nakuru: Mkubwa, naweza kwenda na kurudi siku moja?
Jibu: Utachoka bure ndugu yangu, lala Kisumu au Bondo kwenyewe, ni mji wa chuo kikuu, lojing hazikosi. Asubuhi ndiyo nzuri.

Mwanachama wa Siaya: Jaduong' swali langu ni la mila. Kwetu nyumba ya marehemu inaachwa ianguke yenyewe, ukiikarabati si ni kuita chira (laana ya kuvunja mila)?
Jibu: Omera hilo ndilo swali kubwa na usilipite haraka. Sisi tuliita wazee tukakaa kikao kabla ya kununua hata bati moja, wakauliza nani atalala ndani, tukasema hakuna, ni ya kuhifadhi tu vitu na kumbukumbu. Wakasema mwana mkubwa ndiye aanze, na ndivyo tulifanya. Kama wazee wenu wamekataa basi heshimu, lakini toa vitu na urekodi sauti zao wakiwa bado wako.

Mwanachama wa Kakamega: Serikali inaweza kutusaidia?
Jibu: Kuna sheria ya National Museums and Heritage ya 2006, nyumba yenye historia inaweza kutangazwa kwa Gazeti la Serikali. Anzeni na ofisi ya makumbusho, Kisumu iko moja, mwende na zile picha za hatua ya 4.

Mwanachama wa Ahero: Dada zetu walioolewa waitwe kwa kikao?
Jibu: Waitwe. Kwetu dada mkubwa ndiye alijua ile sanduku ya barua iko wapi.