Kabla Hujafunga Turbo Kwenye Mkonga wa 1HZ

Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ inabeba watu na mizigo Kigoma na Tabora mwaka mzima, na kila anayeiendesha anajua inavyochoka mlimani. Turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, inasaidia kweli, hasa Tabora penye mwinuko wa kama mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi. Lakini Toyota waliiunda 1HZ ivute hewa yenyewe, kwa mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyozaliwa na turbo, ina 18.6 tu. Usiilazimishe 1HZ ifanye kazi ya 1HD-T.

Pima kompresheni ya silinda zote sita. Zikipishana kwa zaidi ya bari 5, fanya ovahoo kwanza. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ikipuliza moshi, ringi zimekwisha. Nozo zipimwe, rejeta izibuliwe. Klachi inayoteleza ibadilishwe kabisa.

Presha ya turbo iwe bari 0.5. Ukitaka 0.7, funga intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Ukizidisha hapo unaitafuta gasketi ya hedi iungue.

Bomba la kurudisha oili liwe na uwazi wa milimita 16 au zaidi, literemke bila kona kali, liingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Oili hairudi kwa presha, inaanguka tu. Ikikwama, turbo inavuja na gari linatoa moshi wa bluu, kisha fundi analaumu turbo ambayo haina kosa. Usipake silikoni kwenye maungio hayo, maana kipande kikimeguka kinaziba njia.

Sasa geji ya joto la moshi. Hii watu wanairuka kwa sababu ya bei, na kuikosa ndiko kunakoua injini. Pampu ya kawaida ya 1HZ haisomi presha ya turbo. Fundi akikaza skurubu ya dizeli, injini inamwagiwa dizeli hata kabla turbo haijaamka. Chukua gari lililojaa magunia, linatoka Kigoma kupanda Kasulu, gia ya tatu, mguu umekandamiza. Moshi mweusi unatoka nyuma, dereva anafurahia nguvu. Geji ya maji imetulia katikati, kwa hiyo anaona kila kitu kiko sawa. Kumbe ndani ya manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, joto limepita nyuzi 700. Hedi inapata ufa kati ya valvu, au kichwa cha pistoni kinalainika na kuanza kuliwa. Maji yanapokuja kuchemka, uharibifu umeshafanyika.

Ili kufunga geji hiyo, toboa manifoldi kabla ya turbo, si baada yake, maana moshi ukishapita kwenye turbo joto linashuka kwa nyuzi 100 hadi 200 na geji inakudanganya. Vua manifoldi ndipo utoboe. Chembe moja ya chuma inatosha kumega mapanga ya turbo. Safari ndefu ikae chini ya 650. Ikigusa 700, punguza mguu na shusha gia. Skurubu ya dizeli izungushwe moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, kisha panda mlima na mzigo ukisoma geji.

Siku ya kuwasha, jaza oili kwenye turbo kwa mkono, katisha umeme wa pampu ya dizeli, piga stata mpaka presha ya oili ipande. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Baada ya mwendo mkali, acha injini ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta dakika mbili kabla ya kuzima.

Vumbi la barabara za vijijini linasaga mapanga ya turbo, hivyo kagua chujio la hewa na kaza klipu za hosi zote kila wiki. Nati za manifoldi zikazwe tena baada ya kilomita 500, injini ikiwa imepoa. Angalia breki pia, gari litakuwa na kasi kuliko ulivyolizoea. Na dereva mwingine asipewe funguo kabla hajaonyeshwa geji ile na kuambiwa mwisho wake ni wapi.