Kufinyanga na Watoto wa Darasa la Tatu: Bakuli Lisilopasuka

Mwongozo huu nimeuandika baada ya mwalimu mwenzangu kuniita nitazame mabakuli ya wanafunzi wake, ambayo karibu yote yalikuwa na nyufa kabla hata ya kufika motoni. Watoto walikuwa wamefinyanga vizuri. Tatizo lilikuwa namna yalivyokaushwa, na ndiyo maana hatua hiyo nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: Udongo

Udongo wa mfinyanzi hupatikana mabondeni, kingoni mwa mito na hata kwenye vichuguu. Uloanishe kidogo, usokote kamba nyembamba na kuizungushia kidole: ikikatika, mchanga umezidi, ikijipinda bila kuvunjika, udongo unafaa. Wa ufukweni siutumii, kwa sababu vipande vya makombe vikishachomwa hugeuka chokaa, hunyonya unyevu wa hewa, kisha huvimba na kubandua vipande vya bakuli siku kadhaa baadaye. Ule wa rangi unaouzwa madukani siupendi pia, kwa kuwa haukauki, na mtoto anayeuchezea hajifunzi lolote kuhusu maji na moto.

Hatua ya pili: Kuandaa

Loweka udongo kwa siku mbili, uchekeche, uache utuame, mwaga maji yaliyobaki juu, kisha uuanike juu ya gunia hadi uwe laini kama donge la chapati. Changanya vigae vya vyungu vilivyotwangwa na kuchekechwa, kipimo kimoja kwa vitano vya udongo. Vigae vimekwisha kuchomwa, hivyo havisinyai tena, na huacha vinjia vya kupitishia mvuke. Kazi ya kukanda waachie watoto.

Hatua ya tatu: Kufinyanga

Kipindi cha dakika 40 kinatosha bakuli moja dogo. Kila mtoto atoboe donge lake kwa dole gumba, kisha aubane ukuta huku akilizungusha, unene usizidi sentimita moja. Maji ayashike mwalimu. Mikono ya vikombe siiruhusu katika somo la kwanza. Jina la mtoto lichorwe kwa kijiti chini ya bakuli udongo ukiwa bado mbichi, la sivyo utakuja kuamua ugomvi wa mabakuli yanayofanana.

Hatua ya nne: Kukausha

Udongo unapokauka husinyaa, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10, na ufa hutokea pale sehemu moja inaposinyaa kabla ya jirani yake. Kwa hiyo si lazima bakuli likauke haraka kote ndipo lipasuke. Inatosha ukingo mwembamba ukauke huku kitako kinene kikiwa bado kimeloa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzangu: mabakuli yaliwekwa dirishani, upepo ukakausha upande mmoja, na nyufa zikaanzia ukingoni kuteremka chini. Wengi hulaumu jua, lakini upepo wa dirishani hudhuru kuliko jua, kwa kuwa hakuna anayeushuku.

Yapange mabakuli kwenye kona isiyopitiwa na upepo, juu ya gazeti na si juu ya bati au meza iliyopakwa vanishi, ili kitako kiweze kuteleza kidogo kinaposinyaa. Siku mbili za kwanza yafunike kwa kanga kuukuu yenye unyevunyevu, isiyochuruzika maji. Vitabu vingi hutaja mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Binafsi naona hatujapoteza kitu, kwani kanga hupumua na haileti ukungu. Siku ya tatu badilisha kwa kanga kavu. Ukingo ukishakuwa mgumu kiasi cha kutobonyea, yapindue ili kitako nacho kipate hewa. Endelea hivyo kwa wiki nzima, na wakati wa masika hata wiki mbili.

Usidanganywe na rangi. Udongo huonekana mkavu kwa nje ilhali ndani bado kuna maji. Gusisha kitako shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka, na bakuli hilo halijawa tayari kwa moto. Ufa uliokwisha kutokea kwenye udongo mkavu usiuzibe kwa uji wa udongo, kwani kiraka kitasinyaa peke yake na kuanguka. Loweka bakuli zima na uanze upya.

Hatua ya tano: Kuchoma

Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao mahali pa wazi, kwa hiyo shule haina sababu ya kusubiri tanuri la umeme. Yazungushe mabakuli kandokando ya moto mdogo kwa saa mbili kwanza, kwa sababu maji yaliyobaki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100 na kuyalipua. Kisha yafunike kwa kuni na nyasi kavu. Watoto watazame kwa mbali. Usiyatoe hadi kesho yake asubuhi.

Hatua ya sita: Rangi na usafi

Rangi yoyote ya maji inatosha. Madawati yafutwe kwa kitambaa kilicholoa wala yasifagiliwe, kwani vumbi la udongo mkavu hudhuru mapafu.