Kuwafundisha watu wa maskani kumuokoa aliyezidiwa na unga (heroini)

Haya nayaandika kwa waelimisha rika wa Pwani ya Kenya wanaoombwa waendeshe mafunzo ya asubuhi moja maskani, yaani kijiweni wanapokutana watumiaji, na hawajui waanzie wapi.

Hatua ya 1: Watu na saa

Alika wanaokuwepo mtu anapozidiwa: watumiaji wenyewe, mwenye maskani, mama wa chai, dereva wa tuktuk. Anza wakishakunywa methadoni zao, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, maana mwenye arosto (maumivu ya kukosa unga) hasikii somo. Ukumbi wa hoteli achana nao, fundishia palepale chini ya mkungu.

Hatua ya 2: Kumtambua

Mwite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Kama hashtuki, midomo imegeuka buluu au kijivu, mboni zimesinyaa, pumzi ni za kuhesabika au anakoroma kwa kukwama, huyo amezidiwa. Mkoromo ndio unaoponza wengi, watasema "mwacheni alale." Uigize mbele yao mpaka wacheke. Maziwa, maji ya chumvi mshipani, ndoo ya maji baridi: piga marufuku vyote.

Hatua ya 3: Pumzi

Watu huja wakitaka sindano ya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini. Usiwape kwanza. Heroini huua kwa kuzima pumzi, kwa hiyo anayepumuliwa ana nafasi hata kama dawa iko ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

Mmoja apige simu ya msaada, aseme "mtu hapumui" na mahali alipo. Mgonjwa alazwe chali, kichwa kirudi nyuma, kidevu juu. Hapa ndipo kila kundi hukwama: kwa huruma wanamkunjia leso wamwekee kichwani kama mto. Kidevu kinaangukia kifua, koo linaziba, hewa inakwenda tumboni, mtu anatapika. Toa mto. Chungulia mdomoni pia, utakuta mogoka shavuni, itoe.

Bana pua, pulizia mara 2, kisha mara 1 kila sekunde 5, macho yako kifuani. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa, usipulize kwa nguvu zaidi. Kundi zima lihesabu kwa sauti, na wapokezane. Kama huna sanamu la mazoezi, fanyeni ya kichwa na kidevu tu kwa mwenzenu. Anayepumua vizuri hapulizwi. Na mimi sifundishi bila kifuniko cha mdomo chenye vali. Wengi hawakatai kuokoa, wanaogopa TB.

Hatua ya 4: Naloksoni

Ampuli ya 0.4 mg, kwenye paja upande wa nje, hata juu ya suruali. Ivunje shingo kwa kitambaa. Bomba la 1 ml la kujidungia liacheni, sindano yake ni fupi, inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi na dawa inachelewa. Tumia ndefu ya inchi 1. Endelea kumpumulia dakika 2 hadi 3. Kama bado, ongeza nyingine.

Aliyechanganya na bugizi (vidonge vya usingizi) anaweza kupumua vizuri na asiamke, kwa sababu naloksoni haiigusi bugizi. Akipumua, inatosha. Usimwongezee dozi ili aongee.

Hatua ya 5: Akiamka

Ataamka na arosto, na pengine matusi: mmemharibia stimu. Mlaze ubavu. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kuwa bado mwilini, kwa hiyo anaweza kuzidiwa upya, hasa akijidunga tena kutuliza arosto. Apelekwe hospitali. Akikataa, mtu asimwache kwa saa 2 angalau. Aliyezidiwa na methadoni hana hiari hiyo, ni hospitali tu, kwani methadoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Waambie pia wawachunge waliotoka gereza la Shimo la Tewa karibuni: mwili umeshasahau dozi ya zamani.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Naloksoni ikae kivulini, si kwenye dashibodi ya tuktuk. Mwachie mama wa chai, kwa sababu yeye yupo kila siku na kibanda chake hakifungwi kwa kufuli.