Ukipigwa shoti saiti: mambo ya kufanya kabla jua halijazama

Mimi ni fundi umeme, na kazi zangu nyingi ni kwenye saiti za ujenzi hapa Dodoma: Nzuguni, Iyumbu, Nala, hadi Mtumba. Nawaandikia vibarua na mafundi wenzangu kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mtu akipigwa shoti akainuka mwenyewe, anapewa maziwa, anaambiwa "mshukuru Mungu, umepona", kisha anarudi kwenye zege. Hakuna kinachoandikwa.

Nilimshuhudia kijana mmoja. Alikuwa ameshika vaibreta, mashine ya umeme ya kushindilia zege, miguu imezama kwenye zege bichi. Waya ulikuwa umechubuka pale unapoingia kwenye mota, umezungushiwa kipande cha nailoni. Mkono ukakakamaa, hakuweza kuachia mpaka tukazima. Baada ya muda alisimama. Kiganjani alibaki na kidoti cheupe, kikavu, kidogo kama punje ya mtama. Miezi mitatu baadaye vidole viwili havikuweza kushika hata mwiko, na mwajiri wake akamuuliza ushahidi uko wapi. Hakuwa nao.

Hatua ya 1: Zima, usimshike. Kimbilia swichi kuu au chomoa plagi. Kama haiwezekani, na ni umeme wa kawaida wa voti 230, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu. Ikiwa nondo au ngazi imegusa laini kubwa ya juu, ile ya voti 11,000 au 33,000, mti haukulindi. Kaeni mbali, zuieni watu, pigieni TANESCO, shirika la umeme, wakate.

Wengi huamini breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi kwenye waya, ingekata yenyewe. Breka inalinda waya usiungue, si mtu. Mwili uliolowa una upinzani wa kama omu 1,000, kwa hiyo voti 230 hupitisha karibu miliampea 230, yaani chini ya robo ya ampea moja. Moyo unaweza kuvurugika hata kwa chini ya nusu ya hapo, na breka ya ampea 20 haitahisi chochote. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, kifaa ambacho hukata umeme unapovuja.

Hatua ya 2: Angalia pumzi. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni, msiache mpaka msaada ufike. Kumfukia mchangani, kama wengine wafanyavyo, ni kupoteza dakika alizobakiza.

Hatua ya 3: Hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea. Umeme huunguza ndani, kati ya pale ulipoingilia na pale ulipotokea, na ngozi inaweza kuonyesha kidoti tu. Aombe kupimwa moyo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, amwambie daktari mara moja: misuli imeumia na figo ziko hatarini. Na amwambie wazi kwamba amepigwa na umeme akiwa kazini, saa ngapi, kwa kifaa gani, kisha ahakikishe maneno hayo yameingia kwenye faili.

Hatua ya 4: Andika. Tarehe, saa, mahali, kazi aliyokuwa akiifanya, majina na simu za walioona. Piga picha ya jeraha na ya waya kabla mtu hajaukata na kuutupa. Mpelekee msimamizi taarifa kwa maandishi. Ujumbe wa simu nao ni maandishi, usiufute.

Hatua ya 5: WCF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake, na hatakiwi kukukata hata senti kwenye mshahara. Mkataba wa mdomo haukuondolei haki. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 za kazi. Akikaa kimya, nenda WCF mwenyewe, wala usingoje kidonda kipone: miezi 12 ikipita bila taarifa, haki inaweza kupotea.

Mfuko hugharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipa asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake hulipwa. Ndiyo maana naomba familia nayo ijue jina la mwajiri na mahali saiti ilipo.

Hatua ya 6: Kabla mashine haijawashwa tena. Badilisha waya wote, usiufunge nailoni. Kisha pima ethi, yaani waya na fimbo vinavyopeleka umeme unaovuja ardhini. Udongo wetu wa Dodoma hukauka miezi mingi mfululizo, na ethi iliyopimwa Machi mvua ikinyesha si ileile ukiipima Oktoba. Chimbia fimbo ndefu zaidi, au ongeza nyingine, halafu upime upya. RCD ina kitufe chenye herufi T. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa, kibonyeze. Isipokata, hakuna anayeshika vaibreta siku hiyo.